Kuendesha jaribio la lishe kwa simu ili kukinga saratani kwa walio chini ya miaka 50: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa watafiti, maofisa lishe, madaktari na wanafunzi wa afya ya jamii wanaotaka kuendesha jaribio ambalo mshiriki haendi kliniki. Anajiandikisha, anapangiwa mlo na kutoa taarifa zake kwa simu akiwa kwake. Mifano mingi ni ya saratani ya utumbo mpana, na vyakula ni vya Tanzania na Kenya.

Kwa nini vijana, wakati saratani ni ugonjwa wa uzeeni?

Wengi wanaougua bado ni wazee. Hata hivyo, saratani ya utumbo mpana kwa walio chini ya miaka 50 imekuwa ikipanda Marekani, Uingereza, Australia na Kanada. Mwaka 2021 Marekani iliteremsha umri wa kuanza uchunguzi kutoka miaka 50 hadi 45. Uchambuzi wa takwimu za huko uliotoka 2017 ulionyesha kwamba aliyezaliwa karibu na 1990, akilinganishwa na aliyezaliwa karibu na 1950 alipokuwa na umri huohuo, ana hatari mara 2 ya saratani ya utumbo mpana na mara 4 ya saratani ya puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo huo. Jeni za watu hazibadiliki kwa miaka 40, kwa hiyo macho yameelekezwa kwenye chakula, unene, pombe, kukaa kutwa nzima na bakteria wa utumbo.

Afrika Mashariki ina jambo lake: saratani ya umio, mrija unaopeleka chakula tumboni. Magharibi mwa Kenya hupatikana wagonjwa wasiofikisha hata miaka 30. Mwaka 2016 IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, liliviweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 katika kundi 2A, yaani vitu ambavyo kuna uwezekano mkubwa kwamba vinasababisha saratani, na umio ndio uliotajwa. Jaribio la kuwafanya watu wasubiri chai ipoe, kila mmoja akiwa na kipimajoto cha jikoni, ni rahisi kuliendesha kwa simu kuliko jaribio lolote la mlo.

Jaribio letu litaonyesha kwamba chakula fulani kinazuia saratani?

Hapana, na ni vizuri kulisema hilo kwenye ukurasa wa kwanza wa itifaki, yaani mpango wa jaribio ulioandikwa. Tuseme saratani unayoitafuta huwapata watu 10 kati ya 100,000 kwa mwaka katika umri huo. Ukiwafuatilia watu 5,000 kwa miaka 5, utaona wagonjwa 2 au 3, na hakuna hesabu inayoweza kusimama juu ya idadi hiyo.

Hata majaribio makubwa yamekwama hapo. Jaribio la Women's Health Initiative la Marekani liliwapangia wanawake 48,835 wa miaka 50 hadi 79 ama kupunguza mafuta na kuongeza mboga, matunda na nafaka, ama kuendelea na mlo wao. Baada ya takriban miaka 8, saratani ya matiti ilikuwa chini kwa asilimia 9, tofauti ambayo ingeweza kutokea kwa bahati tu. Ya utumbo mpana haikupungua. Hao walikuwa na umri mkubwa na bajeti ya serikali. Jaribio la simu lenye vijana 400 haliwezi kuhukumu saratani. Linaweza kuonyesha kama watu wamebadilisha mlo kweli, na kama mwili umeitikia.

Basi tupime nini?

Chagua tokeo kuu moja tu. Linalofaa zaidi kwa simu ni gramu za nyuzinyuzi kwa siku, au gramu za nyama ya kusindikwa kwa wiki, likisindikizwa na kiashiria kimoja cha mwilini: insulini ya asubuhi kabla ya kula, mzunguko wa kiuno, protini ya CRP ya kwenye damu inayoonyesha inflamesheni (mwili kuwaka kujikinga), au bakteria na asidi za kinyesi.

Bakteria wa utumbo huitikia ndani ya siku chache. Kwa insulini na CRP panga wiki 8 hadi 12. Polipu, vinyama vya utumboni vinavyoweza kugeuka saratani, zinahitaji kolonoskopia (kuchungulia utumbo kwa kamera) na miaka 3 au 4, kwa hiyo ziache kwa wenye hospitali.

CRP ina mtego ambao itifaki zilizonakiliwa kutoka Ulaya huusahau: malaria, mafua na hata jino bovu huipandisha kuliko mlo wowote. Ikizidi miligramu 10 kwa lita, rudia kipimo baada ya wiki 2. Andika kanuni hiyo kabla hujaona matokeo.

Ni mlo gani una ushahidi wa kutosha wa kufanyiwa jaribio?

Nyama ya kusindikwa ina ushahidi mzito. Mwaka 2015 IARC iliiweka kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, na kila gramu 50 zinazoliwa kila siku zinakadiriwa kuongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Soseji moja hukaribia uzito huo. Nyama nyekundu ya kawaida iko kundi 2A.

Nyuzinyuzi zina ushahidi mzuri wa kufuatilia watu, lakini majaribio yake yametoa majibu ya kukatisha tamaa. Lile la Polipu la Marekani, lenye watu 2,079, lilitoka mwaka 2000 bila tofauti yoyote ya polipu kurudi baada ya miaka 4. Wapo wanaosema muda ulikuwa mfupi na mabadiliko ya mlo madogo. Inawezekana, ila usilifiche kwenye andiko lako.

Jaribio la CAPP2 liliwapa watu wenye ugonjwa wa Lynch, hali ya kurithi inayoongeza hatari ya saratani, gramu 30 za wanga sugu (usiomeng'enywa kwenye utumbo mwembamba) kwa siku, wengine unga bandia. Saratani ya utumbo mpana haikupungua, lakini ripoti ya 2022 ilionyesha saratani nyingine za ugonjwa huo zimepungua kwa karibu nusu. Wanga huo umo kwenye ndizi ambayo haijaiva vizuri. Tahadhari: kupika ndizi mbichi huvunja sehemu kubwa ya wanga huo, kwa hiyo matoke ya moto hayahesabiwi sawa na unga wa CAPP2.

Kwa msomaji wa Kiswahili, la karibu zaidi ni la Moshi, lililochapishwa 2025. Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Waliozoea mlo wa asili wa Kilimanjaro walihamishiwa mlo wa Kimagharibi kwa wiki 2, na viashiria vya inflamesheni vikapanda. Waliokwenda upande wa pili vikashuka. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja, navyo vikashuka. Usiisome hiyo kama ruhusa ya kunywa: pombe iko kundi la 1 la IARC tangu 1988, na wiki moja ya inflamesheni kushuka haifuti hilo.

Kwa nini tusiwape vidonge? Ni rahisi kuliko kubadilisha mlo.

Kwa sababu ya Finland, 1994. Wavutaji sigara 29,133 walijaribiwa vitamini E na beta-karotini, ile rangi ya karoti. Waliopewa beta-karotini miligramu 20 kwa siku walipata saratani ya mapafu zaidi kwa asilimia 18. Kidonge ni jaribio la dawa, na kina usimamizi na vibali vyake.

Gramu 30 za nyuzinyuzi zinatoka wapi kwenye sahani ya kawaida?

Unga wa dona gramu 150 hutoa gramu 11. Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva, bila mchuzi, gramu 11. Mapera mawili madogo, 5. Nusu ya parachichi kubwa, 7. Jumla ni 34, kabla hujahesabu mchicha. Ukibadilisha dona kwa sembe, unapoteza gramu 5 hivi kwa hatua hiyo moja, ndiyo maana jaribio la "dona badala ya sembe" ni la maana kuliko linavyosikika.

Kosa la kwanza ni kumpandisha mtu kutoka gramu 15 hadi 30 kwa siku moja. Atajaa gesi na kuumwa tumbo, na wiki ya pili hapokei simu. Ongeza gramu 5 kwa wiki, pamoja na maji. Maharage yalowekwe usiku kucha na maji yale yamwagwe, kwani sehemu ya sukari zinazoleta gesi hutoka nayo.

Kosa la pili ni la mkaa. Maharage yanakula mkaa wa saa 2, na mpangaji wa chumba kimoja hana wa kuchoma kila siku. Mwelekeze kupika kilo moja kwa wiki na kugandisha, au kununua yaliyochemshwa gengeni, au kutumia choroko na dengu zinazoiva upesi. La tatu ni karanga na mahindi. Ukivisisitiza bila kuuliza vimehifadhiwaje, unaweza kumwongezea mtu sumukuvu, ambayo yenyewe husababisha saratani ya ini. Maelekezo yaseme wazi: punje zenye ukungu, zilizosinyaa au zenye uchungu zitupwe, zisisagwe na nyingine.

Tunahitaji washiriki wangapi?

Kwa tofauti ndogo, yaani theluthi hivi ya mtawanyiko wa kawaida (0.3), uwezo wa asilimia 80 wa kuiona tofauti hiyo ikiwepo, na kiwango cha 0.05 cha kudanganywa na bahati, ni watu 175 kila kundi. Asilimia 30 wakiacha, andikisha 250 kila kundi, jumla 500. Kwa tofauti ya 0.5 wanatosha 64 kila kundi, na hapo ndipo wengi hujidanganya: bajeti ikitosha watu 130, ghafla kila mtu anaamini tofauti itakuwa 0.5.

Mume na mke, au ndugu wanaokula chungu kimoja, wapangwe vipi?

Wapangwe pamoja, kundi moja. Mpishi akiwa kundi la maharage, haiwezekani dada yake aliye kundi la ulinganisho aendelee na sembe na soseji. Unapogawa kaya badala ya mtu, idadi lazima iongezeke. Kwa watu 2 kwa kaya wanaofanana kwa kiwango cha 0.3, zidisha kwa 1.3, hivyo 500 inakuwa 650. Njia nafuu ni kuchukua mtu mmoja kwa kaya, na kumuuliza mapema nani anapika. Asiyeshika mwiko wala fedha ya sokoni hawezi kubadilisha mlo, hata awe na nia namna gani.

Ugawaji wa bahati nasibu unafanywaje bila mtu kuuchezea?

Kompyuta igawe, baada ya mshiriki kumaliza vipimo vyote vya mwanzo. Programu ya kukusanya data ya REDCap ina sehemu ya kazi hiyo. KoboToolbox hukusanya data vizuri hata bila mtandao, ila ugawaji itabidi uufanye kwingine. Gawa kwa mafungu ya washiriki ya ukubwa mchanganyiko, 4 na 6, ili msaidizi asikisie anayefuata. Tenganisha kwa jinsia na kwa ulaji wa nyuzinyuzi wa mwanzo, chini au juu ya gramu 20. Usiongeze vigezo zaidi ya hapo.

Kundi la ulinganisho lipigiwe simu idadi ileile ya mara, kwa mada kama usingizi au usafi wa meno. Vinginevyo utakuwa umepima faida ya kupigiwa simu. Na usiweke makundi yote mawili kwenye grupu moja la WhatsApp. Mapishi yatavuka siku hiyohiyo.

Tunapimaje alichokula mtu aliyekula sinia moja na wenzake?

Hapa ndipo majaribio mengi ya mtandaoni huharibika. Zana za Ulaya na Marekani za kurekodi mlo mtandaoni, kama Intake24 na ASA24, zinadhani kila mtu ana sahani yake. Kwenye sinia la pilau la watu wanne, "ulikula kiasi gani?" haina jibu.

Njia inayofanya kazi: siku ya kurekodi, mshiriki apakue sehemu yake kwanza kwenye sahani, aipige picha kutoka juu na nyingine kwa pembe ya nyuzi 45, kisha ale. Aweke kitu cha kulinganisha pembeni. Wengi huelekeza kadi ya benki kwa kuwa ukubwa wake haubadiliki, lakini utajikuta na folda nzima ya namba za kadi za watu. Kisanduku cha kiberiti kinatosha, mradi kila mtu akipime kwa rula mara moja na kutuma urefu wake. Kwa ugali, muulize apime tonge moja kwenye kikombe siku ya mafunzo, kisha ahesabu matonge.

Mafuta hayaonekani kwenye picha. Uliza chupa iliyonunuliwa imedumu siku ngapi na imelisha watu wangapi, ugawe.

Rekodi siku 3 zisizofuatana, 2 za kazi na 1 ya mapumziko, mwanzoni na mwishoni. Meseji ya kumwita ifike asubuhi bila kumtangazia siku, la sivyo atapika cha kuonyesha. Hata hivyo watu hupunguza kiasi wanachosema, hasa vitafunwa, soda na pombe. Vipimo vya maji maalumu vinavyopima nishati mwilini vimeonyesha hilo mara nyingi. Ukadirie virutubisho kwa majedwali ya vyakula ya Tanzania (2008) na Kenya (2018), na uandike umetumia lipi kwa chakula kipi. Majedwali ya Marekani hayana kisamvu cha nazi.

Watu wa kubuni wanaingiaje, na tunawazuiaje?

Tangazo likitaja kiasi cha fedha, fomu zitajaa usiku mmoja. Dalili zake ni dodoso la dakika 40 kujazwa kwa dakika 4, majina tofauti kwenye namba moja ya M-Pesa, na uzito unaoishia na sifuri kwa kila mtu. Usitaje malipo kwenye tangazo la wazi. Weka swali linalojirudia kwa maneno mengine, na simu ya video ya dakika 3 kabla ya kugawa. Usimfute mtu kwa sababu tu simu imetumika mara mbili, kwani dada na kaka hutumia simu moja. Piga uthibitishe.

Wanaacha katikati. Tufanye nini?

Kabla ya kugawa, weka wiki 2 za majaribio ambapo kila mtu arekodi siku 3 za mlo. Asiyezikamilisha haingii. Utapoteza baadhi ya watu na matokeo yatawahusu zaidi wenye bidii, jambo la kukiri kwenye ripoti, lakini ni afadhali kuliko kuwapoteza wakiwa wameshagawanywa. Lipa bando kila wiki badala ya mwisho, na malipo yafuate hatua iliyotimizwa, kamwe yasifuate mlo kuwa mzuri. Anayelipwa kwa kula maharage ataripoti maharage.

Aliyeacha bado anahesabiwa kwenye kundi alilopangiwa. Mpigie wiki ya mwisho, umwombe kipimo kimoja tu, cha kiuno au siku moja ya mlo. Wengi hukubali dogo hata baada ya kukataa kubwa.

Vipimo vya nyumbani vinaaminika?

Kiuno, ndiyo, kwa futi kamba na video ya dakika moja: katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, mara 2, baada ya kutoa pumzi. Mizani ihakikiwe: mshiriki apime dumu tupu, kisha dumu hilohilo likiwa na lita 20 za maji, na tofauti iwe karibu na kilo 20.

Matone ya damu kwenye karatasi yakauke kivulini usiku kucha kabla ya kufungwa na kifuko cha kufyonza unyevu. Tanga au Mombasa, karatasi iliyofungwa mapema huota ukungu. Kipimo cha damu iliyofichika kwenye kinyesi huathiriwa na joto, na kifurushi kilichokaa siku 3 kwenye buti la basi kinaweza kutoa jibu la "hakuna" kwa mtu mwenye damu. Kitume usiku, kifike maabara kesho yake.

Nani asiingizwe?

Wajawazito, wenye ugonjwa wa Crohn au vidonda vya utumbo mpana, waliowahi kuziba utumbo, wenye matatizo ya figo, wanaotumia insulini bila daktari wa karibu, na wenye historia ya matatizo ya ulaji. Wanaotumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, wasiongezewe mchicha na sukuma wiki kiholela, kwani vitamini K hubadilisha nguvu ya dawa.

Akija mtu mwenye damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, au choo kilichobadilika kwa wiki kadhaa, haingii kwenye jaribio. Anaelekezwa hospitali wiki hiyohiyo. Vijana huambiwa ni bawasiri na kucheleweshwa. Kabla ya kuwapima watu damu iliyofichika, hakikisha umeshajua nani atawafanyia kolonoskopia na nani atalipa. Kama hakuna, usipime.

Vibali na siri za washiriki?

Tanzania Bara ni NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba) na COSTECH (tume ya sayansi), Zanzibar ni ZAHRI (taasisi ya utafiti wa afya), Kenya ni kamati ya maadili iliyoidhinishwa na NACOSTI, tume ya sayansi ya huko. Sajili jaribio, kwa mfano kwenye PACTR, daftari la majaribio ya tiba Afrika, kabla ya mshiriki wa kwanza. Majarida mengi hayapokei usajili wa baadaye. Taarifa za afya zinalindwa na sheria ya Tanzania ya 2022 na ya Kenya ya 2019. Mswahili aliyeko Muscat au Minnesota akitaka kujiunga, sheria za aliko zinamhusu, kwa hiyo funga milango kwa nchi ulizo na kibali chake.

Ridhaa isomwe kwa sauti pia, dakika 4, ikifuatiwa na maswali 5 ya kuelewa. Anayekosa 2 apigiwe simu. Meseji za kumkumbusha mtu zisiandikwe neno "saratani" wala "kansa". Simu hukaa mezani, na kesho yake mtaa mzima unampa pole.

Ramadhani ikiangukia katikati?

Usiweke kipimo cha mwanzo nje ya mwezi na cha mwisho ndani yake. Mwezi huanza mapema zaidi kwa siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo angalia tarehe za mwaka wenyewe.

Tuanze na watu wachache kwanza?

Watu 30, wiki 4. Msitafute tofauti ya CRP humo. Hesabuni wangapi walijiandikisha na wangapi walikuwa wa kweli, siku ngapi za mlo zilirekodiwa kati ya zilizotakiwa, picha ngapi hazikusomeka, bando lilikula shilingi ngapi kwa kila mmoja, na simu ya kwanza isiyopokelewa ilikuwa wiki ipi. Chini ya theluthi mbili wakimaliza, rudini kwenye dodoso mlipunguze kabla ya kuomba fedha za watu 500.